Vidole Ishirini na Vitatu

Wangare alichomoa kijinga cha moto mekoni, akakipuliza hadi kikawa chekundu, akakibandika kwenye kidole gumba chake cha kushoto. Alilia baadaye, alipokuwa akikifunga kitambaa, na hata hapo alijiziba mdomo. Vibanda vya msituni ni mabanzi matupu na majirani wana masikio.

Mwaka huo, 1958, viazi vyake vilikuwa vimeanza kuchipua. Hiyo ndiyo mali yote aliyokuwa nayo, mjane huyu: kishamba ndani ya msitu wa Elburgon, alichopewa alime huku akitunza miche ya serikali, na karatasi ya kumruhusu kukaa. Karatasi huiandika Diwani Nderitu. Kuifuta pia ni yeye. Watu walimchagua wenyewe, wakapanga mstari nyuma yake mchana kweupe, na tangu siku hiyo hakuna aliyejua namna ya kumtoa. Mama mmoja alimnyima kondoo. Kesho yake alibebwa na lori, yeye na watoto wake.

Ndipo Wamalwa, karani wa kiwanda cha mbao, akawaandikia pendekezo la sheria: diwani akae miaka miwili tu, waliomchagua waweze kumwondoa, asifute karatasi ya mtu peke yake.

“Majina hapana,” alisema Wamalwa. “Wekeni kidole tu. Nani atasoma kidole?”

Watu ishirini na watatu waliweka, kila mmoja gumba la kushoto. Wangare hata alicheka, akijifuta wino kwenye rinda.

Masikini wee! Ombi lilipofikishwa Nakuru, karani wa baraza hakulisoma hata kufika mstari wa pili. Kila ombi la wananchi, alisema, lazima lipitie kwa diwani wao aligonge muhuri. Akalituma kwa posta, kwa Diwani Nderitu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi watu wote wa msitu waliitwa uwanjani mwa kiwanda. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba vidole vitalinganishwa. Wangare alikuta meza, kibati cha wino, askari wawili na lori. Wamalwa hakuwapo, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Alisimama karibu na jirani yake Jepkoech, ambaye alikuwa ameficha mkono ndani ya shuka.

“Mkono umefanya nini, mama?” Wangare alinong’ona.

“Chai ilinimwagikia. Na wako?”

“Uji.”

Hawakuangaliana tena.

“Hamjambo, watu wangu?” Diwani alikuwa na furaha ya mtu aliyeshiba.

“Hatujambo, mzee.”

“Nimeona karatasi yenu. Mnataka nipunguziwe mamlaka. Sawa! Mimi sina ubaya. Haya, inueni mikono ya kushoto tuwaone wenye sheria yao.”

Mikono iliinuka polepole. Wangare alitazama huku na huku. Vitambaa, vitambaa kila mahali: vya kanga, vya magunia, kimoja cha soksi. Havikuwa ishirini na vitatu. Vilikuwa karibu sitini.

Diwani alifunga kibati cha wino bila kukigusa.

“Aliyefunga kidole, lorini.”

“Mzee, mimi sikuweka kidole!” Jepkoech alipiga magoti. “Haki ya Mungu, hata karatasi sikuiona!”

“Kwa hivyo ulijichoma kwa nini?”

“Niliogopa, mzee. Niliogopa mtakosea.”

“Panda, mama.”

Wangare alipanda kwa mkono mmoja. Alitaka kumwambia mtu kuhusu viazi, kwamba baada ya wiki mbili tu vingehitaji kupandishiwa udongo, lakini kila aliyemjua alikuwa humo humo lorini.

Chini pale, Diwani alitoa muhuri mfukoni, akaupumulia, akaligonga lile ombi mara moja, katikati ya vidole.

“Lipelekeni Nakuru,” aliwaambia askari. “Sasa limepitia kwangu.”