Pigo la Tatu

Mkunga yule alistaafu baada ya kuwapokea duniani watoto wasio na idadi, lakini jambo moja lilimshinda: kumfundisha binti yake mwenyewe kupiga makofi. Tangu utotoni, moja na mbili za binti zilikuwa sawa, tatu inawahi, nne inajikokota nyuma. Shuleni, kila wakiimba, ni yeye aliyewavuruga wenzake.

"Hiyo tatu yako ina haraka ya kwenda wapi?" mama mtu alikuwa akimuuliza, na binti anacheka tu.

Sasa binti alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, presha iko juu, ameamriwa akae nyumbani apumzike. Mumewe, fundi umeme, alimhurumia asishinde anahesabu mbao za dari, akamletea mchezo wa ngoma wa kwenye televisheni. Unaunganisha ngoma ya plastiki, muziki unaanza, taa za rangi zinateremka kwenye kioo, na kila taa ikigusa mstari wa chini, unapiga kwa fimbo yake. Binti alipiga vizuri, isipokuwa kila pigo la tatu kioo kilimwandikia UMEWAHI kwa herufi nyekundu. Mkunga, aliyehamia pale ili amwangalie, alifurahi kimoyomoyo. Angalau mashine nayo ilikuwa upande wake.

Siku hiyo, saa nane mchana, alikuja sebuleni na kipembe chake cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Asubuhi alikuwa amesikiliza na kila kitu kilikuwa shwari.

"Weka chini hiyo fimbo."

"Mama, niache nimalize. Nimecheza toka saa tano, zimebaki nyimbo mbili tu."

"Kichwa kigumu, baba yako mtupu."

Mkunga hakubishana zaidi, akamwacha apige. Alipiga magoti kando ya kochi, akaegemeza kipembe tumboni, akatega sikio. Moyo ulikuwa pale, wa mbio, kama mioyo yote ya watoto ambao hawajazaliwa. Moja, mbili, tatu, nne. Mkunga akakunja uso, akasikiliza upya. Tatu ilikuwa inawahi.

"Hebu acha kidogo," alisema taratibu.

Binti akashusha fimbo. Ndani ya kipembe kukawa kimya. Mkunga aliujua ukimya ule, alishakutana nao kazini mara ambazo hakupenda kuzikumbuka.

"Piga!"

"Si umesema nisi..."

"Piga, mwanangu!"

Binti akapiga, na moyo ukaitika papo hapo.

Mkunga hakuwa mtu wa kuamini kila kinachosemwa. Yeye alikuwa mtu wa kuhesabu. Kwa hiyo, ingawa alijichukia kwa kufanya hivyo, alimwambia binti aruke pigo moja. Binti akaruka, na moyo nao ukaruka. Hesabu ilijieleza yenyewe. Mahali fulani kati ya chai ya asubuhi na saa ile, moyo wa mtoto ulikuwa umeacha kujiongoza, ukaanza kuufuata mkono wa mama yake.

"Usiache kupiga," alisema. "Hata kidogo."

Binti aliuona uso wa mama yake, akaendelea kupiga. Mkunga akapiga simu hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa pili wa mji. Akampigia mkwe.

"Niko juu ya ngazi, mama, nikupigie baadaye?"

"Shuka. Njoo na gari sasa hivi."

Wimbo ukaisha. Kioo kikauliza kama mchezaji anataka kuendelea, na hakuna aliyekijibu. Chumbani ikabaki sauti ya fimbo kwenye plastiki, moja baada ya nyingine, na tatu yake ya haraka. Robo saa ikapita hivyo. Jasho lilimtiririka binti.

"Mama, naona giza," alisema, na fimbo ikaanguka sakafuni.

Mkunga alimlaza ubavu wa kushoto, akahakikisha anapumua, kisha akaiokota fimbo akapiga mwenyewe, huku sikio likiwa kwenye kipembe. Kimya. Alipiga kwa nguvu zaidi, akamwita mjukuu wake kwa majina yote ya mapenzi aliyoyajua. Kimya kile kile. Ndipo akaitupa ile fimbo, akakamata kiganja cha binti yake kilicholegea, akakipigiza kwenye ngoma. Moja, mbili, tatu, nne, sawasawa, jinsi alivyofundisha maisha yake yote. Hakuna kitu.

Aliogopa kuliko siku zote. Halafu akajikaza, na akaiwahisha tatu.

Moyo ukarudi.

Mkwe alipofungua mlango, alimkuta mama mkwe wake amepiga magoti, machozi yanamtoka, anapigisha ngoma kwa mkono wa mtu aliyezimia.

"Mama! Mnafanya nini?"

"Mbebe. Huu mkono niachie mimi."

Ndani ya gari aliupigisha kwenye goti lake. Hospitalini, daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alimtazama mara moja tu, akamruhusu asimame kichwani pa kitanda cha upasuaji akiendelea kuupigisha ule mkono, na hakutaka maelezo. Mtoto alitolewa jioni, wa kike, akilia kwa nguvu. Wakashangilia wote isipokuwa bibi yake, ambaye hakuwa na nafasi ya kushangilia.

Walimhamishia binti wodini, kitanda cha mtoto kikawekwa kando. Manesi walipita wakinong'onezana kwamba bibi amechanganyikiwa, amwachie mgonjwa apumzike. Mara moja tu usingizi ulimwiba mkunga, kiganja cha binti kikakwama hewani, na mtoto akanyamaza ghafla katikati ya kilio. Nesi alikuja mbio. Kufikia hapo mkunga alikuwa ameshazinduka na kuendelea, na mtoto alikuwa mwekundu, analia kwa hasira zake. Nesi akamtazama mtoto, akautazama mkono ule, akaondoka.

Saa mbili usiku binti alifumbua macho.

"Yuko wapi?"

Mkwe, kwa furaha, akamwinua mtoto akamweka kifuani pa mama yake. Binti akauchomoa mkono wake kwa mkunga ili ampokee mwanawe, kabla mtu hajapata nafasi ya kumzuia.

Mkunga alifumba macho. Alihesabu moja, akahesabu mbili.

Akasikia kiganja mgongoni pa mtoto. Binti, asiyejua lolote, alikuwa anambembeleza kama akina mama wote wanavyobembeleza, kwa vipigo vidogo vidogo, na kila cha tatu kiliwahi.

"Hivyo hivyo," mkunga alisema. "Hivyo hivyo, mwanangu. Usibadilishe."

Binti alicheka kwa uchovu.

"Mpaka lini, mama? Mpaka alale?"

"Hata akilala."