Viti Vipya vya Motokari ya Kamate

Jumamosi asubuhi Papa Kamate alikuwa akiosha motokari yake mbele ya nyumba, huko Murara, mtaa wa mji wa Goma, kwa beseni la maji na suruali yake ya zamani. Motokari yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ndogo, haina paa, ina viti viwili tu, na usukani wake umekaa upande usiofaa kwa nchi hii ya Kongo. Mzungu mmoja mkulima wa kahawa aliiacha Butembo alipokuwa akikimbia mambo yake, baba yake Kamate akaichukua, na tangu siku hiyo ukoo mzima umekuwa ukiisukuma. Sakafuni kulikuwa na tundu ambalo kuku alipita bila kuinama. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa mpira. Viti vilikuwa magunia ya maharagwe juu ya mbao, na ukikaa, makalio na barabara vinasalimiana.

Hata hivyo, hakuna mwanamume aliyepita pale bila kusimama. Madereva wa pikipiki walizima injini wakaitazama ile pua ndefu na zile taa za duara, wakameza mate. Padri mwenyewe aliomba akae kidogo tu, akakaa mpaka misa ya pili ikachelewa.

"Kitu ya bure," alisema Kahambu, mke wa Kamate, akimwaga maji machafu. "Inakunywa mafuta kupita shemeki yako, na haifike hata kwa soko."

Gari hilo lilikuwa na tabia moja, na mtaa mzima uliijua: vita vikija, lilipona. Mwaka wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda, kioo chake kilichopasuka kiliungana. Vita vya kwanza vilipoingia, taa ziliota. Vya pili vilileta mlango. Amani ikishika miezi kadhaa, kutu inarudi, na mpira unarudi. Volkano ilipomwaga moto wake mpaka katikati ya mji, gari halikubadilika hata skrubu; volkano haikulihusu. Watu wa Murara hawakujisumbua na redio. Walipita wakatazama bampa, na wakiikuta inang'aa, walirudi nyumbani kukunja magodoro.

Sasa Émérance, binti wa pekee wa Kamate, alikuwa anaolewa. Baba alimwahidi tangu yuko kwenye titi kwamba atampeleka kanisani kwa motokari hiyo, mbele ya msafara, klaksoni zikilia, mpiga video akipanda pikipiki kinyumenyume. Na msafara wa harusi, Goma, si mchezo: watu watasahau sura ya bwana arusi, lakini gari la mbele hawalisahau. Sasa utampandishaje bibi arusi, na gauni lake jeupe, juu ya gunia la maharagwe? Miezi ile mji ulikuwa umetulia, na gari lilikuwa likioza salama salimini.

Basi Kamate akaenda kanisani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria.

"Mama, minaomba siyo vita kubwa," alinong'ona. "Kadogo tu. Kule mbali, isifike huku. Ya kutosha viti."

Akasema amina, akaenda kunywa chai.

Wiki hiyohiyo viti vikaanza kuota. Kwanza yalitoka manyoya mafupi juu ya gunia, kisha ngozi nzima, nyekundu iliyokolea, yenye baka jeupe. Kutu ikapukutika milangoni. Bampa iling'aa hata Kahambu akawa anajitazama humo akifunga kitambaa. Majirani walitoa kamba za magodoro, na Kamate akapita nyumba kwa nyumba akiwatuliza: hii ni ya harusi, jamani, si ya vita. Alikuwa na furaha ya kipumbavu. Aliimba akiosha.

Ijumaa wakwe wakafika. Walikuwa wafugaji wa milima ya Masisi, na walitazamiwa kuja na ng'ombe wa mahari. Akatokea Lucie, mama mjane wa bwana arusi, godoro kichwani, tope mpaka magotini. Mwanawe Landry, bwana arusi mwenyewe, alikuwa nyuma yake na sufuria, na nyuma yao wazee wachache mikono mitupu.

Wazee wa pande zote mbili wakakaa sebuleni. Mambo ya ukwe yana utaratibu wake: watu walikula, wakasalimiana upya, wakaulizana habari za wagonjwa, ndipo Kamate akakohoa.

"Mama Lucie, ngombe ziko wapi?"

"Balizikamata zote," Lucie alisema. "Batu ya bunduki. Hakuna hata moja ilibakia."

Wazee wakatazamana. Bila ng'ombe hakuna ndoa, na kila mmoja alilisema hilo kwa heshima, kwa zamu yake. Nyuma ya pazia Émérance akaanza kulia kwa sauti, na Landry akabaki ameshikilia sufuria yake.

Lucie akatoka nje kupata hewa. Akaiona motokari. Aliizunguka, akainamia kiti cha kushoto, akapitisha mkono kwenye baka, kisha kwenye kovu lililokuwa chini yake.

"Papa Kamate," aliita, bila kupaza sauti. "Huyu ni Bihogo, ngombe yangu."

Wote wakatoka.

"Aliumizwa na waya ya miba akiwa mutoto. Ni miye nilimupaka dawa." Akakikuna kiti nyuma ya mgongo, na kiti kikashusha pumzi ndefu. "Na ile ingine ni mama yake."

Wazee walijadiliana palepale uani kama ng'ombe aliye garini ni ng'ombe au ni kiti. Mzee mmoja wa Butembo akasema mahari ni ng'ombe kufika kwa baba wa binti, na hakuna aliyewahi kudai wafike na miguu. Ikakubalika. Émérance akanyamaza, bia ikafunguliwa. Kamate peke yake hakunywa. Alijua ni nani aliyeviomba vita vilivyowachukua wale ng'ombe, na aliviomba kwa nani, na aliona haya mpaka masikio yakamchemka.

Harusi ilifana. Watu walijipanga njia nzima wakapiga makofi, wakashangilia gari, kisha wakakimbia nyumbani kukunja magodoro.

Lucie hakuwa na pa kurudi, akabaki kwa Kamate. Kila asubuhi alivipaka viti siagi, akisema navyo kwa lugha ya kwao. Siku moja Kamate alimsogelea, macho chini.

"Mama, utwae ile viti. Ni yako."

"Nitaiweka wapi?" Lucie aliuliza. "Weye uko na mulima?"

Kamate hakuwa nao. Alikwenda mbele ya gari, kwenye boneti, palipobaki kipande cha kutu cha ukubwa wa sahani. Barabara ya Sake, inayoshuka kutoka Masisi, ilikuwa imejaa watu wenye mizigo kichwani, wengi kuliko jana. Akapitisha kitambaa. Kutu ikatoka, na chini yake ikatokea rangi ya kijani, mpya, nzuri ajabu. Kamate alifurahi kwanza. Aibu ilikuja baadaye, ikamkuta bado anasugua.