Barafu Ndani ya Shuka

Nilikuwa natengeneza ua wa shule yetu upande wa Kisaju siku wazazi walipomwita Mwalimu Nalangu. Walitaka anyang'anywe darasa la sayansi. Kosa lake: mtoto akijibu vibaya, hamsahihishi papo hapo.

"Binti yangu alirudi nyumbani na jibu la uongo, mwalimu amemwacha nalo," alisema Mama Caro. "Si aandike jibu ubaoni kama walimu wenzake!"

Mzee Leshan, mwenyekiti wa wazazi, akampa Nalangu nafasi ajitetee.

Hakujitetea. Aliweka sahani mbili mezani, kila moja na kipande cha barafu, vimelingana. Akamwomba mzee shuka yake nzito aliyojitanda mabegani, akakifunga kimoja chote.

"Kipi kitaisha kwanza?"

"Cha kwenye shuka!" Tulisema karibu wote, na mimi nikiwamo. Shuka si ni ya joto?

"Tungoje," alisema. "Watafiti wamechunguza madarasa mengi. Mtoto akikisia kwanza, halafu aone mwenyewe amekosea, hasahau. Nikimwambia tu, anakariri, na moyoni anabaki na lake."

"Kumbe tumeitwa kungojea maji," mzazi mmoja, Kahiga, akatania.

Wakaingilia mambo ya choo na chakula cha watoto. Baadaye Nalangu akafungua shuka. Barafu ya wazi ilikuwa maji matupu. Ile nyingine bado ilikuwepo.

"Shuka haina joto lake," alisema. "Inazuia tu. La nje lisiingie, la ndani lisitoke."

Tukajicheka. Mzee Leshan hakucheka.

"Mwalimu," alisema polepole. "Na mtoto ako na homa, anachomeka, halafu umfunike mashuka?"

Kicheko kikakatika. Mwezi uliopita tulikuwa tumesimama kwake, tukizika mjukuu wake.

Nalangu akaangalia chini. Ningekuwa mimi, ningedanganya.

"Joto linabaki kwake, baba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini homa ililetwa na ugonjwa. Shuka haikuleta ugonjwa."

Mzee aliitazama shuka yake pale mezani.

"Hata mimi nilifundishwa mambo ya joto," akasema. "Nikaandika, nikapita mtihani. Hakuna siku niliulizwa mimi mwenyewe nafikiria nini."

Akasimama. "Darasa ni lake."

Mama Caro hakupinga. Nalangu alikunja shuka ikiwa imelowa, akamkimbilia mzee nayo hadi langoni. Mzee hakuipokea.

"Kaa nayo hapa shule," alimwambia. "Na uwaulize hata wale wadogo wanafikiria nini."