Beseni la Kuchovya Buti

Lilikuwa beseni la bluu, la kufulia nguo, na dawa iliyokuwamo ilinuka mpaka macho yakaniwasha. Nililiweka mwenyewe pale njia inapoingia kinamasini, nikaziba pande zote mbili kwa matawi ya miiba asipatikane wa kulikwepa. Mwalimu, mzee aliyetufundisha wengi wetu kazi hii, alilitazama kama mtu aliyetengewa chakula kwenye sahani chafu. Kisha akaliruka.

"Mwanangu," akaniambia bila kugeuka, "buti hizi zimetembea mabwawa yote ya ukanda huu kabla hujazaliwa."

Hilo ndilo lililonichoma. Zilikuwa zimetembea kweli, na hazijawahi kuoshwa.

Watu wa kazi yetu, watafiti wa vyura na nyoka, huringia matope ya buti zao kama askari anavyoringia nyota za begani. Buti safi, kwao, ni ya mtu wa ofisini. Walikuja kwenye mkutano niliouitisha, kila mmoja kutoka nchi yake, wakazitoa mifukoni zikiwa na udongo wa kwao umekauka kwenye soli, wakawa wanaoneshana na kucheka. Na walijua! Walijua upo ugonjwa wa kuvu unaosafiri na matope, unaoshika ngozi ya chura, ngozi ambayo ndiyo anayopumulia. Nusu yao ndio waliotufundisha habari hiyo.

Kuwakusanya hakukuwa mchezo. Watu wa vyura waliwaita watu wa nyoka wauza sura, wa nyoka nao wakawajibu kwa kuwaita wakunga wa viluwiluwi. Nchi hii ilificha inachokijua, na jirani yake vilevile, ilhali kinamasi hakina habari na mpaka. Nilipiga simu, nikabembeleza, nikapatanisha watu wazima kama watoto. Mwishowe wakaja kwa sababu moja tu: Mwalimu alikubali kuwa mwenyekiti.

Basi aliporuka yeye, nani angechovya? Wakaruka mmoja baada ya mwingine. Nilipaza sauti warudi, wakaniambia nisiwaharibie siku. Aliyechovya ni Babu Mamba peke yake, mtafiti wa mamba mwenye vidole pungufu.

"Mimi nilishalipia ubishi wangu," alisema, akasugua soli zake mpaka zikang'aa.

Kinamasi kile kiko nyuma ya nyumba ya mama yangu. Ndipo mahali pekee tulipojua anaishi chura mmoja mdogo, rangi ya jani kavu, mwenye sauti kama kijiko kinachogonga kikombe. Nimelelewa na sauti ile. Mama aliwalaani kila msimu. "Chukua vyura wako uende nao kwako," alikuwa akiniambia, "wananinyima usingizi."

Mvua zilizofuata alinipigia simu.

"Mwanangu, huku kimya. Nalala mpaka naogopa."

Niliwakuta wanaelea, matumbo juu, ngozi zinabambuka. Niliwaokota huku nikitukana kwa sauti, matusi ambayo mama hakujua kama ninayajua. Alikuja na ndoo, akasimama kando yangu, wala hakunikemea. Maabara ikasema ni kuvu. Ililetwa na buti ya nani? Hakuna atakayejua, na wote wamejificha nyuma ya kutojua huko, wasomi wazima.

Mkutano wa pili ulifanyika hotelini, mjini. Ratiba ilisema Mwalimu angefungua kwa kutuomba tusimame kimya kidogo kwa ajili ya chura wetu. Wetu! Nilifika kabla yao wote, nikaweka beseni lile lile katikati ya mlango wa ukumbi, dawa ile ile, nikasimama nyuma yake.

Mwalimu akaja na viatu vyeusi vya ngozi.

"Hapa ni kwenye zulia, mwanangu," alisema taratibu.

"Chovya, Mwalimu."

Nyuma yake watu walikuwa wamejaa nje ya ukumbi. Babu Mamba alikohoa. Mwalimu akakunja suruali, akachovya mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akapita akiacha alama za maji. Wengine wakamfuata, hata wenye viatu vya wazi.

Nilihakikisha kila mmoja amechovya. Humo ndani hamkuwa na chura hata mmoja.