Mti Umeangukia Nyaya

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa tatu kasorobo asubuhi, Ezekieli Mwalongo alivua glavu zake za sufu, akapuliza vidole, akaandika kwenye simu ya ofisi: "Ndugu wateja wa Majengo, umeme umekatika kutokana na mti kuangukia nyaya. Mafundi wetu wako eneo la tukio. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Akatuma kwenye kundi la wateja. Chumba cha pili mafundi walikuwa wanakunywa chai na viazi. Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na ukungu wa Makambako ulikuwa umelala juu ya mabati tangu alfajiri.

Ezekieli alikuwa amekaa kwenye meza ya dharura ya ofisi ya umeme kwa miaka sita. Alipokea simu na kuandika taarifa. Transfoma ya kituo cha kupoza umeme ilizidiwa tangu lilipofunguliwa ghala la baridi la maparachichi, nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Njombe. Ghala hilo lilikuwa na wakubwa wake, na laini yake haikutakiwa kuguswa. Kwa hiyo mashine za ghala zilipowaka zote kwa pamoja, mtaa wa Majengo ulizimwa.

Mwaka uliotangulia Ezekieli aliwahi kuandika neno "mgao" mara moja. Meneja wake, Valeriani, akapigiwa simu na mtu ambaye hakumtaja, kisha akaja akasimama mbele ya meza.

"Hapa hakuna mgao," alisema. "Kuna hitilafu. Tafuta hitilafu."

Ezekieli akatafuta. Akaona mti unafaa. Mkoa mzima ni miti, na hakuna mtu atakayeuliza ni upi ulioanguka.

Jumanne hiyo saa saba alikwenda nyumbani kula, akakuta mti wa mlingoti, yaani mkaratusi, umelala uani kuanzia jikoni mpaka chooni. Mizizi ilikuwa bado na udongo mbichi. Tabea, mke wake, alikuwa ameshahamisha kamba ya nguo.

"Mti umekuja," alisema.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu kasorobo hivi. Umemvunja kuku mmoja mguu, nimemchinja."

Walimla yule kuku na ugali. Ezekieli alitazama dirishani mara mbili, Tabea hakutazama.

Alhamisi ulikuja mti wa msindano, msonobari wa mbao. Ijumaa aliandika taarifa mbili, asubuhi na alasiri, ikaja miti miwili. Alipoandika "mti mkubwa" ulikuja mkubwa, na alipoandika "tawi" lilikuja tawi. Wiki iliyofuata alijaribu kubadili. Aliandika kwamba kunguru amekaa kwenye nyaya, akamkuta kunguru mlangoni, amekauka kama gome. Aliandika upepo mkali, na upepo ukaja ukang'oa mabati manne ya nyumba yake na mawili ya jirani. Akamwomba jirani radhi, akagongomea mabati, akarudi kwenye miti.

Msimamizi wa shamba moja la miti kule Kifanya alisikia habari hizo, akaja na daftari. Akapima, akanusa magome, akasema miti yake yote ipo, hii si yake. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kueleza kwamba kusafirisha magogo kunahitaji kibali, lakini kwa kuwa haya yalikuja yenyewe, hakuona fomu ya kujaza. Alikunywa chai akaondoka.

Watu wa Majengo walikuja na mapanga kutafuta kuni. Walibisha hodi kwa adabu. "Kamwene," walisalimu, na Ezekieli akaitika. Hakuna aliyemgombeza. Kila mmoja aliujua mti wa siku yake. Yunis, aliyekuwa na mashine ya kusaga, alikaa juu ya msindano wa Alhamisi, siku ambayo mahindi ya watu yalilala kwake bila kusagwa. Emilia wa saluni aliuomba mlingoti wa Ijumaa asubuhi.

"Ule wa bibi harusi," alisema. "Nilimwacha na nywele nusu, akaenda kanisani amejifunga kitambaa. Ni huu, eti?"

"Ndiyo huu," alisema Ezekieli.

"Ahsante, Mzee wa Kanisa. Nitachukua matawi tu."

Ezekieli alikuwa mzee wa kanisa kweli, na kila Jumapili ndiye aliyesoma matangazo, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri na hakukosea majina. Siku hizo alipofungua karatasi, usharika wote uliinamisha vichwa kama wanaosali, wakabaki hivyo mpaka alipomaliza. Jumapili ya tatu alimwambia mchungaji ana mafua. Uongo huo haukuleta chochote. Pua yake ilibaki kavu, na kazi ya matangazo akapewa mtu mwingine.

Mwezi wa saba baridi ilizidi, na vifua vya wazee vikaanza kusumbua. Mwalimu Efraimu alilazwa kwenye zahanati ya Majengo, ya mama mmoja muuguzi aitwaye Germana, mtu wa Ludewa. Zahanati ilikuwa na vitanda vinne na mashine moja ya oksijeni iliyotumia umeme. Mwalimu Efraimu alikuwa amemfundisha Ezekieli darasa la nne, kule Kifanya. Alifundisha insha. Mtoto akiandika kwamba ameona simba, Mwalimu alimwita mbele na kumuuliza simba alikuwa amelala upande gani. Sasa alikuwa na miaka themanini na mbili, na mrija puani.

Jumatano saa sita na nusu mchana Valeriani alipita mezani kwa Ezekieli, akagonga meza kwa kidole. Ghala lilikuwa limepokea malori matatu ya maparachichi, na yote yalitakiwa kupozwa siku hiyo hiyo.

"Majengo," alisema. "Mpaka jioni."

Ezekieli hakuwa amemaliza kuandika pale simu ya dharura ilipolia.

"Ezekieli, ni mimi Germana. Umeme umeondoka."

"Ndiyo, dada. Poleni."

"Nisikilize. Mwalimu yuko kwenye mashine. Gari la jirani yetu Patrick liko hapa getini, nikisema twende tunaondoka sasa hivi, na saa moja baadaye tuko hospitali ya Njombe. Lakini njiani hatakuwa na oksijeni, na barabara itamchosha. Kama umeme unarudi sasa hivi, ni heri nimwache atulie. Kwa hiyo niambie. Ni wa dakika au ni wa siku?"

Mlango wa Valeriani ulikuwa wazi. Ezekieli aliona kiwiko chake tu, kikiwa juu ya meza, kimetulia.

"Ni mti, dada," alisema. "Mafundi wako pale. Dakika arobaini."

"Arobaini?"

"Arobaini."

"Haya. Namwambia Patrick asubiri."

Akamaliza kuandika taarifa, akaituma. Kisha akaikaa ile saa yake ya kula palepale mezani, mikono ikiwa mapajani. Saa saba na robo Germana alipiga tena, Ezekieli akaiacha simu ikalia. Saa saba na nusu ikalia tena. Akainuka akaenda kusimama chooni mpaka iliponyamaza. Aliporudi aliitazama namba ya zahanati kwenye kioo cha simu. Angeweza kupiga. Aliiweka simu kifudifudi.

Saa nane hivi Germana aliamua mwenyewe. Wakamtia Mwalimu kwenye gari la Patrick, wakaondoka. Hawakufika mbali. Patrick aligeuza gari kabla hawajafika hata kwenye ghala la maparachichi, ambalo siku hiyo taa zake za nje ziliwaka mchana kutwa, pengine mtu alisahau kuzima.

Ezekieli alipata habari saa kumi, kwa fundi mmoja aliyekuwa na shemeji Majengo. Umeme ulirudi saa kumi na mbili.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Uani hakukuta mti ulioanguka. Alikuta mbao. Zilikuwa mbao za msindano, zimeranduliwa, zimepangwa ukutani, na chini yake hapakuwa na hata chembe moja ya unga wa randa. Nathanieli seremala alikuwa ameshafika na kipimo chake.

"Kamwene, Mzee Ezekieli."

"Kamwene."

Nathanieli alipima ubao mmoja, akapima wa pili, akahesabu kwa midomo.

"Zinamtosha," alisema. "Hata za kifuniko zipo. Ni kama aliyezikata alimjua mtu mwenyewe."

Ezekieli alishika upande mmoja wa mbao na Nathanieli upande mwingine, wakazibeba mpaka karakana. Njiani watu walisimama pembeni kuwapisha. Wanaume walivua kofia. Ezekieli hakujua walimvulia nani.

Mazishi yalikuwa Kifanya, Ijumaa. Familia ilimwomba Ezekieli asome wasifu wa marehemu, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wake na kwa kuwa ana sauti. Hakupata neno la kukataa. Mtoto wa kwanza wa marehemu, Elius, alimpa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Ezekieli alisoma mahali pa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, shule saba alizofundisha Mwalimu. Watu walisikiliza huku mikono ikiwa ndani ya makoti. Karatasi ya pili ilikuwa na mistari michache, na nusu ya mstari wa mwisho Elius alikuwa ameinakili kutoka kwenye taarifa ya umeme kwenye simu yake, neno kwa neno.

Ezekieli aliuona mstari huo kabla hajaufikia. Mtu mmoja akakohoa.

"Mwalimu wetu," alisoma, "alifariki siku ya Jumatano kwa kukosa oksijeni, umeme ulipokatika kutokana na mti kuangukia nyaya."

Aliusoma vizuri, kwa sauti ileile aliyosomea ndoa na ubatizo. Hakukosea hata neno. Akaikunja karatasi akamrudishia Elius, na Elius akamshukuru kwa mikono miwili.

Baada ya kuzika, watu walipanga mstari kunawa. Germana alikuwa mbele yake. Alinawa taratibu, akapitisha maji mpaka kwenye viwiko kama wanavyonawa wauguzi.

"Ungeniambia tu," alisema bila kugeuka. "Sikuwa nakuomba umeme. Nilikuuliza saa."

"Nilijua ni mpaka jioni."

"Najua ulijua. Siku hiyo nilisikia kwenye sauti, nikajisemea, huyu ni mzee wa kanisa." Alikung'uta maji. "Nilikaa dakika arobaini zako, nikaongeza nyingine arobaini za kwangu. Na mimi za kwangu nitazijibu."

Akampa kopo la maji.

Ezekieli na Tabea walirudi Makambako jioni hiyohiyo, wakakuta mlingoti mpya uani, juu ya mingine. Tabea aliuangalia, akamwangalia mumewe.

"Leo hukuwa kazini," alisema.

"Nilisoma."

Tabea alifungua mlango wakaingia ndani.

Jumatatu Ezekieli aliingia kwa Valeriani kabla ya saa mbili. Hakukaa. Alisema anaomba kuandika mgao, au kama neno hilo ni baya, aandike saa tu: umeme unaondoka saa hii, utarudi saa ile. Watu wajue. Valeriani alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa mtu mkali.

"Pole na msiba," alisema. "Na mimi aliwahi kunifundisha, unajua? Muhula mmoja." Akagonga meza kwa kidole. "Ukiandika saa, wataniuliza nani alipanga hiyo saa. Nikisema mimi, wataniuliza kwa nini Majengo. Nitajibu nini, Ezekieli? Wewe nitafutie jibu, na mimi nitakuruhusu."

Ezekieli aligeuka kuelekea mlangoni.

"Dari ya sebule yangu imetoka uani kwako," Valeriani aliendelea. "Msindano mzuri, hauna fundo hata moja. Mama watoto anausifu kila siku. Nenda kaandike."

Alikwenda, akaandika. Jioni hiyo alimweleza Tabea kwamba atatafuta kazi nyingine, na Tabea akasema ni sawa. Hakutafuta. Jasmine, binti yao, alikuwa kidato cha pili, na kazi za kukaa mezani Makambako si nyingi.

Mwezi wa nane ulipita hivyo. Ezekieli alikuja kugundua kwamba simu ya dharura hailii tena kutoka zahanati. Mwanzoni alidhani Germana amepata mashine ya betri. Hakuuliza.

Jumamosi moja hakuwa zamu. Alikuwa ameketi jikoni, Tabea anasonga ugali, Valeriani akampigia simu na kumwambia maneno mawili. Ezekieli akatoa simu ya ofisi mfukoni, akaandika ile taarifa bila kuiangalia sana, akabonyeza. Nje ya ukuta mti ukaanguka. Vyombo vikalia kabatini.

Tabea aliacha mwiko kwenye sufuria. Akafuta mikono kwa kanga, akachukua simu yake juu ya friji, akachungulia dirishani kwa muda mfupi.

"Mama Germana," alisema kwenye simu. "Umekuja. Mkubwa huo, umefika mpaka kwa jirani. Ni mpaka jioni. Wapeleke sasa hivi."

Akasikiliza.

"Wangapi? ... Haya. Patrick yupo? ... Haya, mama. Mungu awatangulie."

Aliirudisha simu juu ya friji, akashika mwiko, akamaliza kusonga. Akapakua ugali, akaweka na maharage, akavuta kiti chake. Ezekieli alikuwa bado ameshika ile simu ya ofisi.

"Siku zote huwa unampigia?" aliuliza.

"Tangu tulipotoka Kifanya."

Ezekieli akainamisha kichwa, Tabea akadhani anataka kuombea chakula, naye akafumba macho. Wakakaa hivyo mpaka barabarani likasikika gari likipita mbio kuelekea Njombe.

"Kula, Baba Jasmine," alisema Tabea. "Kinapoa."