Arobaini na Tatu katika Mia

Haya, kitendawili! Nina nyoka hana meno, akikukumbatia kiunoni anakutangaza kwa namba. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Nzega, nimekwenda Nzega, nimekula karanga zao, nimerudi. Nyoka huyo ni futi ya fundi cherehani, na ndiye aliyemnyima Khole binti Humaidi usingizi siku sita.

Ulikuwa mwaka ule watu wa mashamba walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na kina mama wa Isevya wakisoma darasa la watu wazima. Alhamisi moja alikuja muuguzi kijana, Marcelina, akawagawia karatasi yenye mistari ya namba. Pima shingo, akawaambia, pima kiuno na nyonga, tazama na kimo chako. Karatasi itakukadiria, katika kila mia ya uzito wako, mafuta ni mangapi. Atakayepita arobaini arudi waonane.

Khole akaazima futi kwa Popatlal fundi, akajifungia chumbani. Kiuno: inchi arobaini na mbili. Akafuata mistari kwa kidole mara tatu, na mara zote tatu kidole kikasimama palepale, arobaini na tatu.

Sasa, mama yake Khole alikufa kwa sukari. Alianza kwa kunenepa, akamaliza kwa kukatwa mguu, na miaka yake ilikuwa hamsini na miwili, sawasawa na ya Khole siku ile. Khole akajiona keshafika mlangoni. Akaacha ugali, akaacha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akaacha hata asali aliyoletewa na mumewe. Akawa mtu wa mlenda na maji. Siku ya nne akampa dada yake doti mbili za kanga mpya bila kueleza neno. Mumewe, Thabit, akauliza mbona hata asali yake haiguswi, kwani yeye na mkewe wamekosana? Akajibiwa ni joto tu, linamkata hamu ya kula. Joto gani, akanung'unika Thabit, na mimi nalala na koti?

Alhamisi ikafika. Khole akaenda darasani akishikwa mkono na Semeni, somo yake, bibi wa miaka sabini aliyemfunda alipoolewa. Marcelina akawaamkia, akatazama karatasi, akamtazama Khole juu mpaka chini, akakunja uso.

"Ulipojipima, mama, kiunoni ulikuwa na nini?"

Khole akainamisha kichwa. Mtoto huyu ni wa umri wa binti yake, na yapo mambo mtu hamwambii binti yake hata akiwa anakufa. Marcelina akadhani ni nguo, akaanza kueleza habari za nguo. Semeni akasimama na fimbo yake.

"Wewe ngoja, mwanangu. Huyu nilimfunda mimi."

Akamvuta Khole nyuma ya ubao, akamwambia apandishe gauni. Naam: shanga. Safu kumi, nene, alizooga nazo na kulala nazo tangu harusi mpaka akazihesabu kuwa ngozi yake. Futi ilikuwa imepita juu yake. Semeni akazisukuma kando, akicheka kwa pua.

"Umejikondesha bure, mjinga wewe."

Akazungusha futi ya muuguzi, Khole akasoma mwenyewe, maana Semeni alikuwa bado hajafika kwenye namba. Thelathini na tisa.

Marcelina akapitisha kidole: thelathini na saba katika mia. Akasema karatasi inakadiria tu, haipimi sukari. Jumatatu aje zahanati apimwe, moyo utulie kabisa. Lakini leo ale. Khole akaketi, pumzi ikamtoka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Njaa ya siku sita ikamjia yote kwa pamoja. Semeni akafungua pindo la kanga, akampa michembe, naye Khole akatafuna humohumo darasani machozi yakimdondoka.

"Lakini hujanijibu, mama," akasema Marcelina, kalamu mkononi. "Niandike nini, ili wengine wasikosee?"

Khole akawatazama wenzake. Karibu kila mmoja alikuwa amejishika kiuno chini ya kanga. Akameza.

"Shanga, mwanangu," akasema. "Andika shanga, tena kwa herufi kubwa. Humu ndani siko peke yangu."