Majani ya Mpichi

"Nitaendelea kumleta Kozue kila Julai, Mama," Sanae alisema akivua viatu mlangoni. "Usidhani ni kwa ajili ya mwanao. Ni majani tu."

Tomie aliinamisha kichwa kuificha furaha yake. Mwanawe Shuji na Sanae walikuwa wameachana, mtoto akaenda na mama yake, basi. Kilichobaki kumvuta Kozue, mjukuu wake wa miaka mitano, ni mti wa mpichi ulioota nyuma ya jiko. Joto likianza, ngozi ya Kozue hutoka vipele, na maji ya majani yale ndiyo humtuliza.

Miaka mitatu nyuma Tomie alimwambia mkwewe kwamba majani hayafai yakikauka, sharti yachemshwe siku yanapochumwa. Uongo mtupu! Yeye mwenyewe huyaanika na kuyaogea hadi theluji ianguke. Lakini hamu ya mjukuu ilimzidi nguvu.

Sasa Kozue alikaa ndani ya maji ya kijani yaliyopoa, macho yamelegea kwa raha.

"Kwenu ukiwashwa unafanyaje?" Tomie aliuliza.

"Mama ananivalisha soksi mikononi, nisijikune. Halafu tunahesabu siku za kuja kwako. Mama analia, ila anasema ni kitunguu."

Tomie aliigeuza miguu ya mtoto. Nyuma ya magoti palikuwa na makovu juu ya makovu.

Alimfuta, akamvisha, kisha akafungua kabati na kutoa mfuko wa majani makavu. Alimwekea magotini Sanae, aliyekuwa amekaa sebuleni mbele ya chai aliyoandaliwa.

"Konzi moja, sufuria moja ya maji. Chemsha, chuja, acha yapoe."

"Makavu yanafaa?"

"Yanafaa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, mwanangu. Nilitaka mumlete."

Sanae aliufungua mfuko, akayashika majani makavu.

"Miaka mitatu, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka mitatu namfunga mtoto mikono."

Aliuchukua mfuko. Chai aliiacha bila kuionja.

"Bibi, tutaonana Julai!" Kozue alipaza sauti kutoka garini.

Sanae alimfunga mwanawe mkanda, akafunga mlango wa gari. Tomie aliinama langoni kama mwenyeji anavyomuaga mgeni ambaye huenda asirudi, na akabaki ameinama hata gari lilipokuwa halisikiki tena.